Tujengeeni karakana kabla ya kutuletea viti

Leo tunataka kuzungumza kuhusu baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo mtu anaiendesha akiwa amekaa chini, ameegemea nyuma, miguu imenyooshwa mbele. Tumeijenga kwa vipande vya baiskeli zilizokufa. Inatembea. Kila asubuhi iko nje ya Bandari ya Bujumbura, na mwenye nayo anauza chai na mandazi kwa wapakizi wa mizigo. Siye tunaiita Tatu, kwa ufupi.

Hatuandiki ili tupigiwe makofi. Tunaandika kwa sababu Tatu imetufundisha kuwa na msimamo, na tunajua msimamo huu si kila mtu ataupenda. Msimamo ni huu: shirika likiwa na pesa ya kumsaidia mkimbizi mwenye ulemavu atembee, pesa ya kwanza iende kwenye karakana na mafundi wa hapahapa. Viti na baiskeli kutoka nje vije baadaye, na vije vile ambavyo karakana hiyo inaweza kuvitengeneza vikiharibika.

Tuanze na tatizo lenyewe. Karibu kila mmoja wetu anamjua mtu mwenye kiti cha magurudumu kilicholala nyuma ya nyumba. Kilikuja kipya, watu wakapiga picha, mwenyewe akafurahi kweli. Baada ya miezi kadhaa tairi likaisha. Ukienda sokoni Ruvumera na lile tairi mkononi, wauzaji wanakuangalia tu, saizi hiyo hawajawahi kuiona. Au yale magurudumu madogo ya mbele yamevunjika, kwa sababu yalitengenezwa kwa sakafu ya hospitali, nayo huku yanakutana na mawe, mchanga na tope la mwezi wa nne. Gololi zake ni za namba ambayo hakuna fundi anayo. Basi kiti kinageuka kamba ya kuanikia nguo. Mwenyewe anarudi kutambaa, au anabaki ndani akisubiri mtu wa kumbeba.

Hatusemi aliyeleta kiti alikuwa na nia mbaya. Tunasema hesabu yake iliishia siku ya kugawa. Kwenye ripoti kuna viti vilivyotolewa. Viti vinavyotembea mwaka mmoja baadaye ni nani anavihesabu?

Na kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wa pekee. Mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Bukavu na kushuka bonde la Rusizi, makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi kutoka Kivu Kusini kwa muda mfupi sana. Wengi walivuka mto Rusizi kwa njia yoyote waliyopata. Hebu fikiria safari hiyo kwa mtu asiyeweza kusimama. Wanaokimbia kwa miguu yao wanasahau kwamba kuna aliyeachwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumbeba. Kwetu sisi, chombo cha kumtembeza mtu si zawadi ya sikukuu. Ndo tofauti kati ya kuondoka na kubaki.

Sasa turudi kwa Tatu, maana tunataka mwelewe kwa nini tuliijenga vile, na kwa nini jibu liko hapa mjini.

Mwenzetu anayeiendesha aliugua polio utotoni. Mguu wa kulia una nguvu, wa kushoto ni dhaifu. Baiskeli ya kawaida, yaani kinga ya magurudumu mawili, haiwezi, kwa sababu akisimama hana mguu wa kutegemea upande wa kushoto, anaanguka. Lakini nguvu ya kusukuma anayo. Tatizo lake lilikuwa kusawazisha mwili tu. Ukimpa magurudumu matatu, tatizo hilo limekwisha. Ukimkalisha chini na kumpa mgongo wa kuegemea, anasukuma pedali kwa nguvu ya nyonga na mgongo wote, kama mtu anayesukuma mlango mzito kwa mguu huku ameegemea ukuta. Akichoka kwenye mlima anasimama, anapumua, anaanza tena. Haanguki.

Watu wakiiona mara ya kwanza wanacheka. Wanasema ni baiskeli ya wagonjwa. Historia inasema vingine. Mwaka 1933 huko Paris, mwendeshaji anayeitwa Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na fundi Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoivunja ilikuwa imesimama tangu 1914. Faure hakuwa bingwa wa daraja la kwanza, kwa hiyo waliobaki nyuma waliona aibu. Mwaka uliofuata, 1934, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli likaamua kwamba baiskeli za namna hiyo hazihesabiki tena kwenye rekodi zake. Yaani ziliondolewa mashindanoni baada ya kushinda.

Mochet huyohuyo alikuwa akiunda pia vigari vya pedali vya magurudumu manne, mtu anakaa ameegemea, anapiga pedali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ufaransa ikiwa haina petroli, vigari hivyo vilitafutwa sana. Sisi wa Bujumbura tunaelewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Miaka hii tumeona foleni za mafuta zinalala usiku kucha, teksi zimesimama, watu wanapanda kwa miguu hadi Kamenge na Kinama. Chombo kisichokunywa mafuta si cha watu maskini peke yao.

Tumetumia nini? Nyuma ya Tatu ni nusu ya baiskeli ya zamani aina ya Phoenix, ile ya Kichina ambayo mnaijua wote, yenye gurudumu la inchi 28 na keria ya chuma. Tulikata fremu, tukabakiza sehemu ya nyuma pamoja na gurudumu. Mbele kuna baiskeli mbili za watoto zilizokufa. Kutoka kila moja tulichukua kichwa cha fremu, uma na gurudumu la inchi 20. Vichwa hivyo viwili tukavichomelea kwenye bomba la mraba linalokwenda kushoto na kulia, na bomba jingine refu linaunganisha mbele na nyuma. Pedali zimekaa mbele kabisa, kwenye ncha ya bomba refu. Mnyororo ni karibu mitatu iliyounganishwa kuwa mmoja, kwa sababu unatoka mbele miguuni, unapita chini ya kiti, unafika nyuma. Kiti ni bomba jembamba lililokunjwa, halafu likafumwa kwa vipande vya mipira ya ndani iliyochoka. Hicho ndicho kiti kizuri kuliko vyote tulivyojaribu kukalia, kinapitisha hewa na hakiumizi mgongo.

Kila kitu hapo, ukikiharibu leo, kesho unakipata. Spoku, gololi, tairi, breki, mnyororo, pini za kushikilia pedali, vyote vinauzwa sokoni, na fundi baiskeli wa kijiji chochote cha Burundi anavijua kwa kugusa tu gizani. Nchi hii inaishi kwa baiskeli. Mmewaona vijana wanaoshusha ndizi na makaa kutoka Bugarama hadi mjini, na wengine wakipanda kwa kushikilia nyuma ya malori, jambo la hatari ambalo hatumshauri mtu. Vipuri vyao ndo vipuri vyetu. Hiyo ndiyo hoja yetu yote: chombo cha mtu mwenye ulemavu kijengwe kwa vitu ambavyo mtu asiye na ulemavu anavitumia kila siku. Hapo soko lenyewe litakihudumia, bila mradi, bila barua ya maombi.

Lakini tusidanganyane, kujenga si kuunganisha vyuma ovyo. Kuna mambo matatu ambayo kijana yeyote anayetaka kujaribu lazima ayajue.

La kwanza ni magurudumu. Baiskeli ya kawaida ikipiga kona inalala pamoja na mwendeshaji, kwa hiyo uzito unabaki umeshuka sawa na gurudumu. Ya magurudumu matatu hailali. Kwenye kona uzito unasukuma gurudumu kwa ubavu, na gurudumu la baiskeli halikuundwa kwa kazi hiyo. Gurudumu kubwa linapinda haraka kuliko dogo. Ndiyo maana mbele tuliweka inchi 20, na kila gurudumu likabaki na uma wake kamili unaolishika pande zote mbili. Ukilishika upande mmoja tu kwa ekseli ya kawaida, ekseli itapinda.

La pili ni usukani. Kwenye kona, gurudumu la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo lazima ligeuke zaidi. Magari ya kawaida yameundwa hivyo. Ukiyafunga magurudumu yageuke sawasawa, moja litaburuzwa, tairi litaisha haraka na chombo kitakuwa kizito kukunja. Dawa yake ni kuvielekeza vile vikono vya usukani ili mistari yake ikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Tulichora kwa chaki sakafuni, tukapima kwa kamba. Haihitaji kompyuta.

La tatu ni breki na miguu. Breki ziwe mbele, kila gurudumu na yake, na kuwe na njia ya kuifunga moja chombo kikisimama, kwa sababu Tatu haina mguu wa kuegeshea, ikiwa kwenye mteremko itaondoka yenyewe. Miguu nayo ifungwe kwenye pedali kwa mkanda. Hili si pambo. Mwendeshaji amekaa karibu na ardhi na miguu iko mbele. Mguu ukiteleza na kugusa chini wakati chombo kinakwenda, unavutwa chini ya fremu na unaweza kuvunjika. Kwa mtu ambaye mguu wake hauna hisia, hatajua hata umeteleza. Sisi tumetumia mipira ya ndani iliyokatwa, na kisigino kimewekewa kikombe cha bati lililokunjwa makali yake.

Kwa asiyeweza kutumia miguu yote miwili, pedali zinapandishwa mbele ya kifua na kuendeshwa kwa mikono. Mnyororo, meno na fundi ni walewale. Na kwa kweli wenzetu Wakongo wamefanya hivyo zamani kuliko sisi.

Nenda Goma, mpakani na Gisenyi, pale panapoitwa Barrière Ndogo. Utaona watu wenye ulemavu wakivuka na baiskeli za mikono zenye magurudumu matatu, zimejaa magunia hadi mwendeshaji haonekani, vijana wanasukuma nyuma kwa ujira. Wale si wasaidiwa. Ni wafanyabiashara, na wale vijana ndo waajiriwa wao. Huko Kinshasa, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walivuka mto Kongo kwenda Brazzaville kwa nauli iliyopunguzwa, wakajenga biashara kubwa ya kuvusha mizigo kwenye baiskeli zao za mikono. Kundi la muziki la Staff Benda Bilili lilitoka kwenye mitaa hiyohiyo. Wanamuziki wake wakuu walipata polio, walitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojitengenezea mjini, na albamu yao ya 2009 iliwapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Baiskeli zile walipanda nazo jukwaani, hawakuzificha.

Goma pia ina chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini inayobeba viazi na makaa. Mji umeisimamishia sanamu. Jiji kuweka sanamu ya chombo kilichochongwa kwa shoka na vijana wa vijijini, maana yake limekubali kwamba kazi ile ni ufundi. Mbona sisi vijana wakimbizi tukitengeneza kitu kwa chuma chakavu tunaambiwa tusubiri kile kizuri kinachokuja?

Wataalamu wa dunia nao hawako mbali na tunachosema. Ralf Hotchkiss, mhandisi Mmarekani ambaye mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu, kuanzia miaka ya 1980 alifanya kazi na mafundi wenye ulemavu wa Nikaragua na nchi nyingine kubuni viti vinavyoweza kujengwa kwenye karakana ndogo kwa chuma kinachopatikana pale. Moshi, Tanzania, kwenye chuo cha TATCOT, kumefundishwa mafundi wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi. Nairobi, chama cha APDK kinatengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu kwenye karakana yake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu kwa nchi zenye uwezo mdogo, nao unasema wazi kwamba kiti lazima kimfae mtu, kifae mazingira yake, na kiweze kutunzwa na kutengenezwa pale alipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, una kifungu kizima, cha 20, kuhusu haki ya mtu kutembea kwa uhuru wake. Kwa hiyo hatuombi jambo jipya. Tunaomba lililoandikwa lifanyike.

Na kwa nini tunaitaja bandari? Kwa sababu bandari ndo mahali pa kupimia kama chombo ni cha kweli. Hapa meli na maboti yanaleta mzigo kutoka Kigoma, Mpulungu, Kalemie na Kalundu: saruji, mahindi, sukari. Watu ni wengi, wanaanza kazi mapema, wana njaa, na wana haraka. Barabara za karibu na ziwa ni tambarare, tofauti na mitaa ya juu, kwa hiyo mtu wa nguvu kidogo anaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku. Mwenzetu anabeba thermosi mbili za chai na beseni la mandazi kwenye keria. Zamani aliuza mbele ya nyumba yao, akiwangojea wapita njia. Sasa yeye ndiye anayewafuata wateja. Jioni anabeba unga wa kesho mwenyewe. Mdogo wake, ambaye alikuwa anakosa shule ili amsukume na kumbebea vitu, sasa yuko darasani. Hilo la mdogo wake halipo kwenye fomu yoyote ya mradi, lakini kwetu ndo faida kubwa kuliko zote.

Tunajua mtatuuliza maswali. Tumekwisha kuulizwa, na ni maswali ya haki.

Mnasema: kitu cha kujitengenezea ni hatari. Kweli, kinaweza kuwa. Weldi mbaya inakatika. Kiti kibaya ni hatari hata zaidi, hasa kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo na hana hisia, kwa sababu anapata vidonda vya kukaa bila kujua, na vidonda hivyo vinaua. Ndiyo maana hatusemi mtuachie tuchomelee peke yetu. Tunataka mtaalamu wa mazoezi ya viungo awepo, ampime mtu, aseme huyu akae hivi na huyu asipande kabisa. Mtu kama huyo atahitaji mto maalumu na kiti kilichopimwa, na hapo kitu cha kutoka nje kinaweza kuwa bora. Lakini jamani, kiti kilichotoka kwenye boksi na kumpa mtu bila kumpima kina hatari ileile, tofauti ni kwamba kinang'aa.

Mnasema: vipande vya baiskeli vinaweza kuwa vya wizi. Kweli pia. Kwa hiyo tunanunua kwa mafundi wanaojulikana, na tunaandika kwenye daftari nani ameuza nini, siku gani. Mkimbizi akishikwa na fremu isiyo na maelezo, matatizo yake ni makubwa kuliko ya mwenyeji. Kundi lolote linaloanza, daftari liwe kabla ya msumeno.

Mnasema: barabara. Machi 2022 mamlaka za Bujumbura ziliondoa pikipiki, bajaji na baiskeli kwenye sehemu za katikati ya jiji. Tunaheshimu sheria, na kila mwenye chombo cha namna hii aulize kwanza mtaani kwake wapi anaruhusiwa. Tatu imekaa chini, dereva wa lori anaweza asiione, kwa hiyo ina kijibendera chekundu juu ya fimbo ndefu na vioo vya kuakisi mwanga nyuma, na haitoki usiku. Tunachoomba ni kwamba mashirika, yanapokaa na viongozi wa jiji, yalilete swali hili mezani: baiskeli ambayo ndiyo miguu ya mtu, ihesabiwe kuwa nini?

Na mnasema: kwa nini mafundi, wakati watu hawana chakula? Hili ndo gumu. Mwaka 2025 misaada ilipungua kwetu wote, tuliiona kwenye sufuria. Lakini hapo ndipo hoja yetu inapata nguvu. Pesa ikiwa nyingi unaweza kununua kiti kingine kikivunjika. Ikiwa kidogo, lazima ununue uwezo wa kukitengeneza kile kilichopo. Mashine ya kuchomelea haiishi mwezi ujao. Kijana aliyejifunza kupima na kuchomelea anaweza kutengeneza pia mlango, kitanda na keria, na akirudi nyumbani siku moja, Uvira au Fizi au popote, anarudi na mikono yenye kazi.

Kwa hiyo maombi yetu kwa wakubwa wa mashirika ni manne tu.

Kwanza, karakana moja ndogo karibu na Buyenzi, ambako mafundi wa magari na baiskeli wamejaa, Warundi kwa Wakongo, na Kiswahili kinasikika kila kona. Iwe ya wenyeji na wakimbizi pamoja. Mwenyeji mwenye ulemavu naye ana kiti kilichovunjika. Tukitengeneza vya wakimbizi peke yao tutaleta chuki isiyo na sababu. Mashine ya kuchomelea, msumeno, jiwe la kunolea, jenereta kwa siku umeme ukikatika, na malipo ya haki kwa fundi anayefundisha.

Pili, kabla ya kuagiza kiti au baiskeli yoyote kutoka nje, mpeni fundi wa hapa sampuli moja kwa wiki moja. Aseme ni kipi hawezi kukipata. Akisema tairi hili hatulijui, agizeni lenye saizi ya baiskeli. Swali hilo la wiki moja lingeviokoa vile viti vyote vya kuanikia nguo.

Tatu, badilisheni hesabu. Rudini baada ya miezi sita, na baada ya mwaka, mkaulize: kinatembea? Kilikupeleka wapi jana? Nani alikitengeneza? Namba hizo zitakuwa ndogo kuliko za siku ya kugawa, lakini zitakuwa za kweli.

Nne, mwenye mwili awepo. Tatu ilibadilishwa kiti mara kadhaa kwa sababu mwenzetu alikuwa amekaa palepale akisema pandisha, shusha, hapa panabana. Mtu asipimwe kwa macho, wala asiwakilishwe na ndugu yake.

Nanyi vijana wenzetu, tuna neno lenu pia. Wengi wetu tunasubiri mafunzo yenye cheti. Cheti ni kizuri. Lakini kuna baiskeli zilizokufa nyuma ya kila nyumba, kuna mzee mwenye gereji ambaye atakuruhusu ushike msumeno ukifagia kwanza, na kuna jirani yako ambaye hajatoka uani tangu mvua zianze. Anzeni kwa kumuuliza huyo jirani angependa kwenda wapi. Msianze na chuma. Ukijua anataka kwenda sokoni na mzigo, au shuleni, au kanisani, au msikitini mlimani, utajua gurudumu gani, meno mangapi, na keria ya ukubwa gani.

Sisi tumekwisha kuanza ya pili. Hii itaendeshwa kwa mikono, ni ya mama mmoja anayeuza ndagala, samaki wale wadogo wa ziwani, na anataka sanduku la mbele lisilovujisha maji ya samaki miguuni mwake. Tunazo fremu mbili na magurudumu matatu. Mashine ya kuchomelea bado tunaazima, jioni, mwenye gereji akimaliza kazi zake. Anayetaka kuona, aje Buyenzi saa kumi na moja jioni, alete na bomba kama analo.